Msiba Usio na Mkeka

Sisi watu wa Rungwe tunachekwa na wenzetu kwa jambo moja, nalo ni misiba. Husemwa kwamba Mnyakyusa akisikia kilio huacha jembe shambani na mzigo sokoni, hata kama marehemu ni jirani wa shemeji ya binamu yake. Wanaosema hivyo hawakosei sana. Mimi nimekulia katika nyumba ambayo kanga ya msibani ilikuwa imekunjwa juu ya sanduku, tayari wakati wowote, na mikeka mitatu ya Kyela ilisimama nyuma ya mlango ikingoja kuazimwa.

Msiba una utaratibu wake, na utaratibu huo ndio unaomshika mtu asianguke. Wanawake huketi ndani mikekani. Wanaume huota moto nje. Mwenye mwandiko mzuri hupewa daftari aandike rambirambi, jina la mtu na kiasi alichotoa, maana lile ni deni nasi hulipana. Vijana huchimba kaburi. Siku ya kumaliza matanga nguo za marehemu hugawiwa ndugu, huyu koti, yule suruali, na mtu huonekana mwezi mzima akipita njiani amevaa shati la mwenzake aliyelala ardhini. Tena liko jambo jingine ambalo wanawake wote wanalijua na hakuna anayelisema. Ukifika msibani ukaketi ukaanza kulia, humlilii yule aliyelazwa ndani peke yake. Unamlilia na wako. Hakuna atakayekuuliza.

Swali langu katika kurasa hizi ni dogo. Yuko mtu umemjua miaka mingi. Unaijua sauti yake, unaujua mwendo wake, unajua anavyovua miwani kabla hajasema neno zito. Yeye hakujui wala hakuwahi kukusikia. Anakufa Dar es Salaam, na wewe uko Mbeya, safari ya kilometa zaidi ya 800. Unakwenda kuketi wapi?

Nasema habari za Steven Kanumba.

Kwa msomaji kijana ambaye alikuwa mtoto wakati ule, niseme machache. Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Nchi ilianza kumjua katika kundi la Kaole, lililokuwa likionyesha michezo yake katika televisheni ya ITV, na baadaye akaingia katika filamu zilizokuwa zikiuzwa katika kanda na sidii. Ndipo zikaja Johari, Dar 2 Lagos aliyoicheza na wasanii wa Nigeria mwaka 2006, Oprah aliyoigiza na Vincent Kigosi tunayemwita Ray pamoja na Irene Uwoya, Uncle JJ aliyocheza na watoto, na Devil Kingdom pamoja na Ramsey Nouah, yule Mnigeria. Alifariki usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 7 Aprili 2012, nyumbani kwake Sinza. Alikuwa na miaka 28.

Majina ya filamu zake mengi yalikuwa ya Kiingereza, na wasomi walimsema sana kwa hilo. Sisi sokoni hatukuona tatizo. Jina lilikuwa Kiingereza, maneno yalikuwa Kiswahili, basi. Mtu haendi kula bango la hoteli, anakwenda kula chakula.

Mimi nilimjua kwa sauti kabla sijamjua kwa sura. Ni fundi cherehani. Soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006 tulitawanyika kama kuku, na wengi wetu tukaishia Sido, pale Mafiati, katika vibanda vya mbao na mabati. Kibanda changu kilipakana na banda la video. Kati yangu na watazamaji palikuwa na ubao mmoja, wenye tundu la msumari mahali pa jicho la mtoto. Kutwa nzima nilishona huku nasikia. Asubuhi zilipigwa za Wachina, mchana za Wahindi na Wanigeria zikiwa na mtu wa kutafsiri anayeropoka juu yake kwa Kiswahili cha mzaha, na jioni, watu wakitoka kazini, zilianza za kwetu. Kiingilio kilikuwa shilingi 200. Mabenchi yalikuwa mbao juu ya matofali. Mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ikishuka kutoka Loleza, walijaa mle wakiwa wamejifunika makoti na mablanketi, na mvuke wa pumzi zao ulipita kwenye nyufa ukaja kwangu.

Hiyo sauti ilikuwa na namna yake. Haikuwa na haraka. Alipokuwa akimbembeleza mwanamke katika mchezo, banda lote lilinyamaza, na cherehani yangu ilisikika mpaka nikaona haya, nikaondoa mguu kwenye pedeli. Alipolia, na Kanumba alijua kulia, machozi ya kweli, si yale ya kupaka mate, nilisikia vijana wa kubeba mizigo wakikohoa kohoa ili wenzao wasijue.

Halafu wakaanza kuja na magazeti. "Mama, nishonee kama hii." Wananionyesha picha: suti ya kijivu, kola pana, vifungo viwili, mfuko wa kifuani una kitambaa. Kijana wa kuuza viazi Uyole, mikono ina udongo, anataka suti ya Kanumba ya kuoea. Niliwaambia kitambaa cha namna ile hakipo Mbeya, nao wakasema, wewe shona tu, sisi tutaelewa. Nilishona, sijui ngapi, nyingi. Bitana niliweka ya bei nafuu, lakini mabega niliyakaza vizuri, maana yule bwana suti zake zilikaa mabegani. Sikupata kumwona ana kwa ana hata siku moja, ila nathubutu kusema kipimo cha mabega yake nilikijua kuliko cha watu wengi wa ukoo wangu.

Mwaka 2008 mama yangu mzazi akaja kukaa nami Ilemi kwa sababu ya miguu. Alikuwa mtu wa mgombani huko Rungwe, hajazoea kukaa peke yake ndani ya nyumba ya matofali akitazama ukuta. Nikawa nakwenda naye Sido kila siku. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango akitoa nyuzi kwenye nguo nilizofumua. Siku moja mwenye banda alimwona ameweka sikio kwenye ubao, akasema, "Bibi, shikamoo, njoo ukae ndani, kwako hakuna kiingilio." Akamwekea kiti chenye mgongo, mbele, karibu na televisheni. Tangu hapo kile kikawa kiti chake.

Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni na kanisani. Za Wahindi alitazama nguo, za Wachina aliziita ugomvi wa watu wasio na wazazi. Lakini za Kanumba alizifuata. Wifi anayemchukia mke wa kaka yake, baba mkwe mwenye tamaa, urithi unaogombewa kabla maiti haijapoa, mganga anayepewa jogoo mweusi: hayo alikuwa ameyaona yote Rungwe kwa macho yake na hakuhitaji mtafsiri. Akawa anaongea na Kanumba. Kanumba akidanganywa na mwanamke, mama anamwambia kwa Kinyakyusa asikubali. Vijana wakacheka, kisha wakazoea, kisha wakawa wananyamaza wasikie Bibi atasemaje.

Mwaka 2009 alipoalikwa kuitembelea ile nyumba ya Big Brother Africa huko Afrika Kusini, watu wa mjini walikicheka Kiingereza chake. Maneno yalifika mpaka Sido. Mpiga debe mmoja wa stendi ya Kabwe, ambaye Kiingereza chake chote ni "let's go", alitaka kupigana na mtu kwa ajili hiyo. Nadhani ilikuwa hivi: Kanumba hakuwa mtoto wa mtu mkubwa, alikuwa ametoka Shinyanga, mbali na bahari kama sisi, na alipochekwa yeye tulisikia tumechekwa na sisi, wenye lafudhi.

Sasa niseme ya Pasaka ile. Ijumaa Kuu ilikuwa tarehe 6 Aprili. Jumamosi asubuhi simu zilianza kulia kabla jua halijatoka. Kwanza tulisema ni uzushi, maana watu maarufu huuawa na simu kila mwezi. Saa mbili redio zikathibitisha. Nilipofika Sido nilikuta mabanda yamefunguliwa nusu, kama inavyofanywa mfu akiwa mtaani. Mwenye banda la video alikuwa ameketi nje kwenye kizingiti, amezima mashine, hajui afanye nini na mikono yake. Vijana walikuja mmoja mmoja wakasimama. Hiyo ndiyo shida niliyoisema hapo mwanzo. Walikuwa wamekuja msibani na msiba haukuwapo. Hapakuwa na mfiwa wa kumpa mkono. Hapakuwa na kaburi la kuchimba. Kijana mwenye nguvu za kubeba magunia mawili kwa pamoja alisimama pale hana kazi.

Mwishowe mmoja alichomoa daftari la hesabu la mwenye banda, akachana kurasa za mbele, akaandika juu: Msiba wa Kanumba, Sido. Bakuli la maandazi likawekwa mezani. Watu wakatoa. Mia mbili, mia tano, mama wa nyanya elfu moja. Majina yakaandikwa. Mashine ikawashwa, zikapigwa filamu zake kutwa nzima bila kiingilio, na hakuna aliyeshangilia hata pale tulipozoea kushangilia.

Jumatatu ya Pasaka alikuja dukani mteja wangu mmoja, mwalimu wa sekondari, kuchukua suruali yake. Akaona ule umati, akatikisa kichwa. Akaniambia huu ni ujinga wa zama hizi, watu wanamlilia mwigizaji ambaye wala hawamjui, na kwamba jambo kama hili halikuwapo zamani. Suruali nilimpa. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1926 alipofariki Rudolph Valentino huko New York, mwigizaji wa sinema zile zisizo na sauti, mwenye umri wa miaka 31, maelfu walijazana barabarani mpaka vioo vya nyumba alimolazwa vikavunjika, na askari wa farasi wakaitwa. Basi zama hizi zilianza zamani kidogo. Tena sikubaliani na lile neno, hawamjui. Mwalimu yule alikuwa na jirani aliyekaa naye ukuta kwa ukuta miaka minane wakisalimiana tu, na jirani huyo alipokufa alikwenda kuketi siku tatu, ndivyo itakiwavyo. Mimi nauliza ni nani alimjua maiti wake zaidi, mwalimu au yule mbeba magunia.

Jumanne tarehe 10 Aprili ilikuwa mazishi. Dar es Salaam watu walifurika viwanja vya Leaders, Kinondoni. Makamu wa Rais Mohamed Gharib Bilal alikuwapo. Rais Kikwete alikuwa amekwisha kwenda nyumbani Sinza kuwapa pole. Watu walizimia wakabebwa juu juu. Yote hayo tuliyaona katika televisheni ya banda, mlango ukiwa wazi na watu wamejaa hadi barabarani. Mvua ilikuwa ikinyesha, ile ya Mbeya ya mwezi wa nne isiyo na ngurumo wala haraka. Waliokuwa nje walijifunika mifuko ya nailoni na hawakuondoka.

Mama alikuwa kwenye kiti chake. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nimemshika bega. Walipoonyesha jeneza, akageuka akaniambia, "Mwanangu, kalete mkeka." Nikadhani miguu inamuuma. Nikaenda kuuchukua ule niliokuwa nao dukani wa kukatia vitambaa, uliochafuka kwa chaki. Akaagiza mabenchi yasogezwe, ukatandikwa sakafuni chini ya televisheni. Akavua viatu, akaketi, akanyoosha miguu yake mibovu. Mama wa nyanya akavua viatu akaketi. Mke wa mwenye banda akaketi. Kwa muda mfupi mkeka ukajaa, wengine wakatandika kanga zao. Wanaume wakatoka nje kwenye mvua, kama kwamba mtu amewaamrisha, na mmoja akatafuta vipande vya mbao za masanduku akawasha moto chini ya paa la kibanda changu. Sikumkataza, ingawa nguo za watu zilinuka moshi wiki nzima.

Jeneza liliposhushwa katika makaburi ya Kinondoni, mama alilia. Naomba nieleze kulia huko, kwa sababu nilikuwa sijakusikia kwa miaka saba, na hata miaka saba nyuma sikukusikia.

Mdogo wangu wa kiume aliondoka mwaka 1998. Alivuka Tunduma kama vijana wengi wa kwetu walivyovuka, akapita Zambia, akafika Johannesburg. Aliandika barua mbili, kisha zikaja simu, kisha fedha kidogo, kisha simu zikapungua. Mwaka 2005 alikufa. Kusafirisha mwili kulihitaji fedha ambazo wenzake huko hawakuwa nazo, wakamzika, Mungu awalipe. Habari ilitufikia wiki tatu baada ya mazishi, kwa simu ya mtu tusiyemfahamu. Tulitandika mikeka nyumbani Rungwe. Watu walikuja, kwa sababu sisi huja. Mama alikaa pale katikati siku zote tatu, macho makavu kama jiwe la kusagia, na wanawake waliokuja kumliza wakashindwa wakaanza kumwogopa. Aliuliza swali moja tu, akaliuliza kila mgeni aliyefika: nani alimwona akiingia ardhini? Hakuna aliyekuwa na jibu. Nguo hazikuwapo za kugawa. Matanga yakamalizwa, mikeka ikakunjwa, na mama akaenda shambani.

Yeye mwanangu, alilia pale Sido, akimwita. Kinyakyusa chake kilikuwa cha haraka na wengi pale ni Wasafwa, Wandali, Wakinga na watu wa mbali, hawakuyafuata maneno. Mimi nilisikia jina. Halikuwa Steven.

Jioni, tukishuka njia ya Ilemi polepole, yeye ameniegemea, akasema, "Huyu nimemwona." Nikamwambia ndiyo mama. Hatukusema zaidi, na hatukuwahi kulizungumza tena mpaka alipokufa mwaka 2019.

Narudi kwenye daftari. Fedha zilikuwa shilingi 41,300. Zikaleta mzozo mkubwa kuliko msiba wenyewe. Zipelekwe kwa mama yake marehemu? Kwa nani, na namba ipi ya simu? Apewe kondakta wa basi? Wote tukacheka. Mmoja akasema ziliwe, tununue soda na mikate, matanga ni matanga. Ndipo kijana mmoja wa kuuza sidii barabarani, mtu asiyesifika kwa uaminifu, akasema neno lililowanyamazisha. Akasema filamu zote za Kanumba zilizopigwa katika banda hili miaka yote ni nakala za kurudufu, na yeye ndiye aliyezileta. "Huyu bwana hajala hata senti yetu," akasema. "Tumekaa naye hapa tunamla."

Mwenye banda alinuna siku mbili. Siku ya tatu akachukua zile fedha, akaongeza za kwake, akaenda mjini katika duka lenye sidii halali zilizofungwa kwa nailoni na kubandikwa nembo ya msambazaji, akanunua za Kanumba zote alizozikuta. Alisema kumwibia mtu hai ni biashara, lakini kumwibia maiti ni kufukua kaburi. Za wasanii wengine aliendelea kupiga za kurudufu kama kawaida. Sikumwelewa vizuri wakati ule na sasa pia namwelewa nusu tu, lakini nilimheshimu. Sidii zile alizipanga katika kabati yenye kioo, na daftari lenye majina akaliweka juu yake.

Liko jambo ambalo wapenzi wa Kanumba tuligawanyika, nalo siwezi kuliruka. Usiku ule alikuwa na mwigizaji mwenzake, msichana mdogo, Elizabeth Michael, ambaye wote tunamwita Lulu. Alikamatwa. Kesi ilikwenda miaka. Tarehe 13 Novemba 2017 Mahakama Kuu ilimwona na hatia ya kuua bila kukusudia ikampa kifungo cha miaka 2, na mwaka 2018 akatoka kumalizia adhabu yake nje ya gereza. Katika miaka hiyo yote, kule Sido, wapo waliomlaani kila alipoonekana kwenye kioo, na wapo waliotaka filamu zake zisipigwe. Nilikuwa upande wa mama. Mama alikuwa amemwona Lulu tangu akiwa mtoto katika michezo ya televisheni, na aliposikia watu wanamtukana alisema msibani hapatukanwi mtoto wa mtu. Mahakama ina kazi yake, alisema, sisi tumekuja kulia tu.

Mwaka ule wa 2012 haukuisha kabla hatujampoteza Hussein Mkiety, Sharo Milionea, kwa ajali ya gari Muheza mwezi wa Novemba. Mwaka 2014 akafuata Said Ngamba, Mzee Small. Tarehe 8 Agosti 2018 Amri Athumani, King Majuto, mzee wa Tanga ambaye akisimama tu bila kusema kitu watu walikuwa wamekwisha kucheka, alifariki Muhimbili. Kila mara daftari lilifunguliwa ukurasa mpya. Kwa Majuto watu walianza kulia wakaishia kucheka, maana filamu zake zilipigwa na hakuna aliyeweza kujizuia, na sioni kwamba alikosewa heshima.

Kuna kitu kimoja nilikifikiri sana nikishona katika miaka hiyo. Kwetu nguo za marehemu hugawiwa, kama nilivyosema. Zikishachakaa mwilini mwa ndugu, mtu huyo amekwenda kweli. Lakini Kanumba bado amevaa. Ile suti ya kijivu iko mabegani mwake mpaka leo, haijapauka wala kufumuka kwenye kwapa, na kitambaa cha mfukoni kimekaa vile vile. Wale vijana niliowashonea za kuigiza, zao zimekwisha. Wengine vitambi vimewazidi. Mmoja alizikwa nayo mwaka 2015, nikaitambua kola yangu. Mwanafunzi wangu wa cherehani alizaliwa mwaka 2006 na anamtazama Kanumba katika simu akiwa anapiga pasi. Juzi aliniuliza kama huyu kaka bado anaigiza. Nilimwambia alifariki wewe una miaka sita. Akaitazama simu, akanitazama mimi, akasema, "Lakini mama, suti yake nzuri," akaendelea.

Banda halipo tena. Simu zimeliua, kama zilivyoua mabanda yote. Mwenye banda alipolifunga aliniletea sidii za Kanumba ndani ya boksi la biskuti, akasema ni mali ya Bibi. Mama alikuwa bado hai, hatoki tena nyumbani. Nilikuwa na deki, nikawa namwekea jioni. Alikuwa na sharti moja, alilokuwa nalo tangu bandani: filamu ambayo Kanumba anakufa ndani yake asiwekewe. Mwenye banda alikuwa amelijua sharti hilo, na Bibi akiwapo aliipita.

Nilizitoa sidii hizo mwezi uliopita nikazifuta vumbi. Nyingi zimekwaruzika hata hazipigi. Zinakwama, mtu anabaki amefungua mdomo. Iko moja tu inayong'aa kama siku iliponunuliwa.